Makaa Sitini

Mbwa mwitu wa kwanza wa msimu ule nilimuua nikiwa na pini tatu mdomoni. Simu nilikuwa nimeiegemeza kwenye gurudumu la cherehani, blauzi ya mke wa mwalimu iko magotini haijatiwa mikono, na yule mnyama akatokea nyuma ya rundo la theluji bila hodi. Nikamchoma mkuki mara nne. Akaanguka, akayeyuka, akaniachia kaa moja la buluu linalometameta, nami nikapiga ukelele wa furaha hadi pini moja ikanichoma ulimi.

Manrupa, auzaye bangili duka la pili, akachungulia na glasi yake ya chai mkononi.

"Kuna nini? Umepata mteja?"

"Nimeua mbwa mwitu."

"Ahaa." Akaivuta chai taratibu, macho kwenye kioo cha simu. "Wenzako baridi hii wanaua chawa wa watoto, wewe unaua mbwa mwitu wa kwenye kioo. Haya, Dilsara, ukimchuna nikumbuke kwa ngozi."

Wateja kweli sikuwa nao. Mwezi wa Poush, wa baridi na nuksi, hapa Beni kwetu, milimani kaskazini mwa nchi ya Wahindi, hakuna aoaye wala aolewaye. Hata mwenye haraka yake ya aibu atangoja mwezi unaofuata, Magh, uingie. Fundi wa nguo za maharusi hukaa tu, akautia mtambo wake mafuta na kuusikiliza upepo wa mtoni ukipigapiga mabati. Kwa hiyo wenye mchezo ule, ambao sijui ni kina nani wala wanaishi wapi, walipotangaza kwamba msimu wa Makaa ya Buluu utadumu siku kumi na nne na kufungwa siku ya mwisho ya Poush, niliona kama waliitazama kwanza kalenda yangu ya ukutani ndipo wakapanga. Siku kumi na nne bila harusi. Ningezitumia zote, mpaka tone la mwisho.

Mchezo unaitwa Pori Jeupe. Unatupwa kwenye theluji huna hata kiatu, na kazi yako ni moja: usife. Ukate kuni, uwinde, ujenge, uwashe moto, baridi isikukute nje. Mimi na Mzee tuna nyumba humo.

Namwita Mzee ingawa ana miaka thelathini na moja na meno yake yote. Kwetu mke hamtaji mumewe kwa jina. Mama yangu hakulitamka la baba hata siku baba alipokufa, alilia akisema tu "wewe, wewe." Wanasema mke akilitamka jina la mumewe anampunguzia siku za kuishi. Mimi nimesoma hadi darasa la kumi na mambo hayo siyaamini, ila kulitamka sijawahi.

Tumeoana mwaka wa nne huu. Tumelala chini ya paa moja siku arobaini na moja, kisha akapanda ndege kwenda Doha kufunga majukwaa ya chuma wanaposimama wajenzi. Siku arobaini na moja! Kuku hulalia mayai siku ishirini na moja mpaka aangue. Mimi nilipewa mara mbili ya kuku, kasoro siku moja. Kituoni, basi likiwa linanguruma, aliniapia mambo mawili. Kwanza, kwamba mkataba ukiisha, mwezi wa Chait mwaka huu, atarudi. Pili, kwamba saa ya simu yake hataigusa, itabaki saa ya Beni kama wafanyavyo wanaume wengi wa kwetu, ili kila nikiamka ajue nimeamka. Ndiyo maana miaka yote hii sikuwahi kumpigia hesabu za huku na huko. Nikisema saa mbili, ilikuwa saa mbili.

Mchezo alinitilia yeye kwenye simu, wiki ya pili ya upweke wangu. Kila saa mbili za usiku tulikutana humo. Alikata mawe, mimi nikabeba. Alipandisha kuta, akaufanya mlango uwe mfupi kama milango ya kwao, mtu ainame akiingia. Akajenga baraza. "Hapa, Dilu," akaniambia, sauti yake ikinijia sikioni kama yuko nyuma ya mgongo wangu, "ndipo utakapokaa kupukuchua mahindi." Nilishona mapazia ya ngozi ya dubu. Tukafuga nyati wawili wa manyoya. Tukagombana kuhusu dirisha, tukanuniana siku mbili, tukapatana. Nyumba ninayolala, ile ya mawe juu ya soko, ni ya mama mkwe: sufuria zake, funguo zake, harufu ya tumbaku yake. Nyumba ambayo mimi niligombana na mume wangu kuhusu dirisha ni ile ya Pori Jeupe. Sasa mtu akiniambia si nyumba, ninatamani nimpige na rula ya ushonaji.

Na hiyo ndiyo waliyotangaza kuifagia. Msimu ukifungwa, dunia yote ya zamani inafutwa, kila kibanda na kila zizi. Zitabaki nyumba zenye meko ya buluu peke yake. Meko moja ni makaa sitini. Ikiwa nyumba ina wamiliki wawili, wote wawili waweke mkono juu ya meko kwa wakati mmoja, kabla ya saa moja kasorobo jioni ya siku ya mwisho. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, waliandika kwamba mmiliki mmoja anaweza kuyawasha peke yake akimwondoa mwenzake kwenye hati, na aliyeondolewa harudishwi tena. Nilipousoma mstari huo nilicheka. Nikajisemea, watu wengine wana roho mbaya jamani.

Siku ya kwanza Mzee alileta makaa manne. Tukayapanga pamoja kwenye sanduku, yake manne na yangu matano, na nilimwambia kwa mwendo huu tutamaliza mapema tukae barazani tuwaangalie wenzetu wakihangaika. Siku ya pili hakuja. Ya tatu hakuja. Ya nne aliniachia ujumbe wa sauti wa pumzi tatu: kazi nyingi, mke wangu, kesho. Kesho hiyo nayo ikaenda zake.

Basi nikaingia kazini mimi. Mtu mmoja kwa siku anaruhusiwa makaa matano, hapati la sita hata afe. Mbwa mwitu hutoka alfajiri, kwa hiyo niliwaua kabla sijaenda bombani, vidole vimekufa ganzi. Adhuhuri hupita msafiri mzee anayeomba mchuzi; ukimpa wa moto anakuachia makaa mawili, ukimpa uliopoa anakulaani na kwenda zake. Alasiri ni kuvunja barafu ya ziwani kutafuta masanduku, na hapo usipoangalia unatumbukia. Nilimpeleka mama mkwe zahanati kwa ajili ya magoti yake, na kwenye foleni nikaua mbwa mwitu wawili huku yeye akiwaambia wagonjwa wenzake kwa majivuno, "Mkwe wangu huyu, kutwa anaongea na mwanangu." Siku mbili upepo uliangusha mtandao wa bonde zima na nilishinda nikizunguka chumbani kama mbuzi aliyefungwa. Siku ya tisa dubu alinikuta ziwani, akaniua, akatawanya makaa matatu majini. Nililia. Nasema kweli yangu, nililia kwa kwikwi, mtu mzima, na blauzi ya watu mapajani.

"Hiyo simu itakuzalia?" mama mkwe akaniuliza jioni ile.

Nikameza jibu langu pamoja na wali. Mtu wa kunizalisha ulimzaa wewe, ukamfunga mizigo, ukampungia mkono. Ndilo nililotaka kusema.

Usiku ule nilimpigia Mzee mpaka akapokea.

"Makaa yako yako wapi?"

"Dilu, wametuongezea zamu."

"Hata mbwa mwitu mmoja? Anakuja mwenyewe mpaka mlangoni, wewe ni kumchoma tu."

"Nikirudi chumbani mikono hainyanyuki. Huijui kazi hii."

"Siijui, ndiyo. Nani atanijulisha? Unasema maneno matano kwa wiki." Nikavuta pumzi. Sikutaka ugomvi, nilitaka nyumba. "Haya sikiliza. Usilete hata moja. Nitayamaliza mimi. Wewe siku ya mwisho njoo uweke mkono tu. Mkono, basi."

"Nitakuja."

"Saa moja kasorobo wanafunga. Uje dakika kumi kabla."

"Dakika kumi kabla. Sawa, mke wangu. Lini nimekuangusha?"

Nikamtakia usiku mwema, maana swali hilo lingetukesheza.

Nikayamaliza. Siku ya mwisho, saa sita mchana, nilimpa yule msafiri mchuzi wa moto, akaniachia makaa mawili, na sanduku likaandika sitini. Hamsini na sita yangu, manne yake. Nilisimama dukani nikampigia Manrupa vigelegele, naye akavipokea bila kujua vya nini, ndivyo alivyo. Alipojua akatikisa kichwa.

"Na mwenyewe atakuja?"

"Atakuja."

"Haya. Mimi wangu yuko hapa hapa sokoni, anaonekana kwa macho, na nikimwambia saa kumi anafika saa kumi na mbili." Akanipiga begani. "Ila wako ni wa Doha, labda huko wanawafundisha."

Jioni hiyo ni ya kuchemsha viazi vikuu. Vinachemshwa siku ya mwisho ya Poush, vinaliwa asubuhi ya kwanza ya Magh kwa samli na sukari guru, na mkwe asiyekuwepo jikoni saa hizo jina lake litatajwa hadi Magh nyingine. Nikawepo. Nilivisugua udongo, nikajaza sufuria kubwa ile ya shaba, tukaisogeza motoni mama mkwe na mimi. Simu niliisimamisha kwenye gunia la ufuta. Mle ndani nilikuwa nimekaa mbele ya meko mapya ambayo hayajawashwa, makaa yote sitini yamepangwa, mapazia yamefungwa. Nje ya dirisha tulilogombania theluji ilikuwa inaanguka kwa fujo. Juu kwenye pembe ya kioo saa ilikuwa inahesabu kurudi nyuma.

Saa kumi na mbili na nusu. Nilijua zamu yake imekwisha. Dakika tano zikapita, nikaweka kuni. Ikafika ile dakika kumi kabla, nikautazama mlango mfupi. Hakuna kitu.

"Mama, niazime simu yako."

"Ya nini? Si unayo hiyo?"

"Nikitoka humu nitapoteza nafasi. Nimpigie."

"Mwache alale," mama mkwe akasema, akilipuliza jiko ambalo halikuhitaji kupulizwa. "Mwanangu amechoka. Watu wazima hawapigiwi simu kwa ajili ya michezo."

Nilimnyang'anya. Sioni neno jingine. Niliichukua simu kwenye mkunjo wa nguo yake, nikapiga. Ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Ikaita, nami nikawa naisikia akilini ikitetemeka mahali fulani juu ya godoro, chumba cha watu wanane, na yeye amegeukia ukuta. Mara ya tatu. Dakika nne. Dakika tatu.

Hasira zina namna mbili. Kuna zinazochemka na kufura kama maziwa, ukiondoa moto zinashuka. Hizo nilikuwa nazo tangu siku ya pili. Lakini zilipobaki dakika mbili nilihisi nyingine ikiingia, baridi, imetulia, haina haraka yoyote. Nilijiona nilivyo: mwanamke aliyechuchumaa kati ya meko mawili, moja la mama mkwe na moja la kioo, na yote mawili yanangoja mwanamume aweke mkono. Nimekaa hivyo miaka mingapi? Nimeua mbwa mwitu, nimekufa ziwani, nimerudi, nimebeba kila kaa kwa vidole hivi, na sasa nyumba ifagiliwe kwa sababu mtu hakuweza kuamka?

Nikaifungua hati. Nikabonyeza: ondoa mmiliki.

Hawakuniuliza kama nina hakika. Waliniuliza kitu kibaya zaidi. Waliandika: *Andika jina la mmiliki unayemwondoa, herufi kwa herufi.*

Jina hilo nililiona kila siku likielea juu ya kichwa chake humo, kwa rangi nyeupe. Nililiona kwenye cheti cha ndoa. Vidole vyangu havikuwahi kuliandika. Vikasita juu ya kioo, vinanuka udongo wa viazi, na sekunde zinakwenda, na nikasikia sauti ya mama yangu ikisema wewe, wewe. Nikaandika. Na midomo, kwa kuwa ilikuwa imefungwa muda mrefu mno, ikaamua kuandamana na vidole.

"Narjit," nikasema. Kwa sauti. "Narjit Pun."

Mama mkwe aliacha kupuliza.

"Umesema nini?"

"Nimesema jina lake."

"Wee! Unataka kumuua mwanangu? Leo, usiku wa kuamkia Magh?"

"Kama ni kuogopa, mama, ogopa majukwaa anayopanda, si jina."

Nikaweka mkono juu ya meko, peke yangu. Makaa sitini yakashika kwa pamoja, mwanga wa buluu ukapanda ukutani, na saa ile ya pembeni ikafika sifuri na kutoweka. Kutoka mbali, ng'ambo ya ziwa, nikasikia mshindo wa dunia nzima ikifagiliwa. Yangu ilibaki imesimama. Nilitarajia furaha. Haikuja, basi nikaifutia mikono yenye udongo kwenye sketi.

Hata dakika tano hazikutimia, mlango ukagongwa.

"Dilu!" Sauti yake, changamfu, ya mtu aliyetoka kunawa uso. "Dilu, nimefika! Dakika kumi kabla, kama ulivyosema. Mbona mlango haufunguki?"

Nilimwona kupitia dirishani. Amesimama barazani kwake, kofia imeshaanza kupata theluji. Chini ya jina lake mstari mwekundu unaoonyesha joto la mwili ulikuwa umeanza kupungua.

"Saa ngapi?" nikamwuliza.

"Saa moja kasoro dakika ishirini na tano, ya kwenu. Hapa saa kumi na dakika tano. Niliweka kengele kabisa, nikasema leo hata dunia ipinduke."

"Hapa ni saa moja kasoro dakika kumi, Mzee. Wamefunga."

"Haiwezekani. Ongeza saa mbili na nusu…" Akaanza kuhesabu, nikamsikia akimwuliza mtu chumbani kwa Kihindi, na yule mtu akajibu, na wakakubaliana. "Saa mbili na nusu, Dilu. Chumba kizima tunahesabu hivyo."

"Chumba kizima ni Wahindi. Sisi tuko mbele yao kwa robo saa. Tangu mababu tuko mbele yao kwa robo saa. Mtoto wa darasa la pili wa Beni anajua."

Akahesabu upya, polepole: "Robo saa. Loo. Robo saa, nimeisahau."

Hapo moyo wangu uliniuma kweli. Robo saa! Alikuwa ameweka kengele. Alikuja na furaha yake, amenawa uso, amehesabu kwa bidii yake yote, na mimi nimemfuta kama mwizi kwa kosa la robo saa. Nilitaka kupasua kioo nimwambie nisamehe, nilikuwa na hasira, nitafanyaje sasa, wamesema harudishwi. Maneno yalikuwa yameshafika kooni. Ndipo nikakumbuka kwamba hakupaswa kuhesabu kitu chochote.

"Kwani umehesabu ya nini?" nikamwuliza. "Simu yako si iko kwenye saa ya Beni?"

Theluji ikaanguka. Mstari mwekundu ulikuwa umefika nusu.

"Niliibadilisha."

"Lini?"

"Mwezi wa Asoj. Ilikuwa inanichanganya na zamu mpya, Dilu. Msimamizi alisema tuliosaini tena wote tuwe…"

Akakatika. Nami nilikuwa nimeshasikia.

"Mliosaini tena nini?"

"Nilitaka kukwambia baada ya sikukuu."

"Mliosaini tena nini, Mzee?"

"Mkataba," akasema. "Miaka miwili mingine. Wamenifanya kiongozi wa kikundi. Si maisha yote. Ni miwili tu."

Tangu Asoj. Miezi mitatu na zaidi nilikuwa nahesabu siku za Chait kwenye kalenda ya dukani, kila asubuhi naifuta moja kwa chaki ya kushonea, na yeye ananisikia nikimwambia zimebaki ngapi. Ananisikia, anasema ndiyo, mke wangu. Nilihisi tena ile hasira baridi, na safari hii ilinikuta nimeshafanya ilichotaka.

"Mama anajua?"

Nyuma yangu upawa ulikuwa umesimama kwenye sufuria, hausogei, na mama mkwe, ambaye hakosi neno hata kwa kuku wa jirani, alikuwa anaukodolea macho moto kama aliyedondosha kitu humo.

"Nisingeweza kukataa," Mzee akasema kwenye baraza. "Dilu, naganda kwa baridi. Fungua basi."

"Siwezi kufungua. Nimekutoa kwenye hati."

"Umenitoa?"

"Zilibaki dakika mbili. Nilikupigia mara tatu. Ama nikutoe, ama ifutwe."

"Umenitoa kwenye nyumba niliyoijenga mimi?"

"Tuliyoijenga sisi. Nikaiokoa mimi."

Nilimsikia akipumua. Nilifikiri atatukana, na ningependa atukane, ningepata pa kushika. Badala yake akasema kwa sauti ndogo, sauti ambayo sijaisikia tangu zile siku arobaini na moja: "Umeandika jina langu?"

"Nimeliandika. Na kulisema nimelisema."

"Mbele ya mama?"

"Mbele ya mama."

Mstari wake ulikuwa umebaki kama ukucha. Humo, ukifa kwa baridi unapoteza kila ulichobeba na kuamkia mbali sana, nyikani, bila kiatu. Kwenye kioo changu pakatokea kidirisha ambacho sikuwahi kukiona, kwa sababu katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kutugongea: *Mtu yuko mlangoni. Umkaribishe kama mgeni? Muda wa kukaa: saa moja.*

Nilikisoma mara mbili, naye kupitia dirishani alikuwa ananiona nimekaa tu mbele ya meko. Hakuomba tena, na ninamheshimu kwa hilo. Nikabonyeza ndiyo.

Akainama, akaingia. Theluji ikamdondoka mabegani. Akasimama katikati ya sakafu aliyoitandaza mwenyewe jiwe kwa jiwe, uso wake umeiva buluu kwa ule mwanga, akageuka huku, akageuka huku, kama mtu aliyetumwa kwenye nyumba ya watu kuulizia njia.

"Nikae wapi?" akauliza.

"Wageni hukaa popote."

Akakaa karibu na mlango.

"Hapa pameandikwa dakika hamsini na tisa," akasema baada ya muda.

"Ndizo ulizo nazo."

"Na zikiisha?"

"Zikiisha utagonga tena."

Nikamwacha hapo kwenye joto. Viazi vilikuwa vimeiva, maji yanamwagika motoni, na sufuria ile ya shaba mtu mmoja hawezi kuiepua. Nikashika upande mmoja, mama mkwe akashika wa pili, tukaibeba hadi kizingitini, tukaitua.